Umemwachia mtu paka na simu inaita: dalili, chanzo na cha kufanya

Mie nakaa Arusha, Sakina, na kila mwezi wa 12 napandisha Rombo kama Wachagga wenzangu wote, nyumba inabaki na paka. Anaitwa Mangi, manake anakaa dirishani kutwa nzima kama mwenye duka, anaangalia nani kapita na nani anamkwepa kwa deni. Mwaka wa tatu huu namwachia kijana wa jirani, yuko chuo, ananiita anti, kijana mwelewa tu na mwaminifu, na bado kila mwaka simu imeita. Nimekaa nikaziwaza zile simu nikagundua karibu zote tatizo lilianza kabla sijafunga begi, na aliyelianzisha ni mimi. Kwahiyo nimepanga kwa dalili, yaani yale maneno utakayoambiwa kwenye simu, alafu chanzo, alafu la kufanya.

Na kama unawaza si ungeenda naye tu, nilishaenda naye. Boksi la biskuti lenye matundu, Coaster imejaa mpaka mlangoni, katapika kabla hatujafika Himo, tukafika nyumbani mbwa wawili wanamsubiri, akaruka akaingia kihambani, siku nne mzima anaonekana macho tu kwenye migomba. Paka anashika mahali kuliko anavyoshika mtu. Mwache kwake, mtu ndo aje.

"Anti, paka haonekani tangu jana"

Hii ndo simu ya kwanza na ndo inayotisha kuliko zote, ila mara nyingi paka yuko ndani. Mie ilinikuta niko sokoni Mkuu nachagua ndizi za mtori, kijana sauti inatetemeka anasema ametafuta kila mahali. Nikamuuliza, chakula ulichoweka jana jioni kipo? Akasema kimeisha. Mchanga wake wa kujisaidia je, umechafuka? Akasema ndio, kidogo. Basi huyo hajatoka.

Lakini chakula kuisha peke yake kusikudanganye, panya nao wanakula. Nikamwambia chukua unga wa sembe kiganja kimoja, nyunyiza sakafuni kuzunguka bakuli, uwe mwembamba kabisa, kisha nenda kalale. Asubuhi akanitumia picha, vidole vinne na kisigino chake, safi kama muhuri, vimetoka jikoni vimeelekea stoo, na juu ya stoo kuna lile tundu la silingi bodi fundi aliliacha alipopitisha bomba la tenki. Mangi alikuwa juu ya silingi, anashuka saa nane usiku kula, anarudi.

Kwahiyo mwambie aanze na ndani, na asitafute kwa macho ya mtu, atafute kwa macho ya kitu kinachoogopa: nyuma ya friji, chini ya kochi ambako kile kitambaa cha chini kimechanika paka akaingia mule ndani kabisa, juu ya mablanketi kabatini, kwenye droo iliyoachwa wazi kidogo. Asimvute. Aweke chakula na maji karibu, apunguze sauti ya redio, aendelee na shughuli zake. Siku mbili za kujificha kwa mgeni ni kawaida ilimradi usiku anashuka kula na kwenda mchangani.

Chanzo? Mie mwaka ule nilimwita kijana asubuhi ileile ya safari, bajaji iko getini inapiga honi, nikamwonyesha bakuli liko hapa, mchanga uko pale, kwaheri. Paka kaona bibi yake katoka na begi na dakika hiyohiyo kaingia mtu mgeni mwenye viatu vinavyonuka mbwa wa kwao. Ungekuwa wewe ungeshuka? Siku hizi kijana anakuja siku tatu kabla. Siku ya kwanza anakaa tu sakafuni anachezea simu yake, hamwiti, hamkodolei macho, maana paka ukimkazia macho anaona umemjia kwa shari. Siku ya pili chakula anaweka yeye mimi nikiwepo. Siku ya tatu mimi natoka naenda Kilombero sokoni makusudi nawaacha wawili. Na naacha kanga yangu niliyoivaa, bila kufua, kwenye kile kiti anacholalia.

Kama kweli ametoka nje, paka mwoga haendi mbali na haitikii. Anajibanza nyumba ya pili au ya tatu, amekaa kimya hata ukipita mita moja unamwita jina. Atafutwe usiku watu wakishalala, kwa tochi iliyoshikwa usawa wa macho, maana macho yake ndo yatamchongea. Mtaroni, darini, banda la kuku, stoo za majirani, na hizo stoo ziombwe zifunguliwe kweli, siyo mtu akujibu kutoka mlangoni kwamba hayumo. Mkesha wa mwaka mpya asiwe nje kabisa, zile fataki za saa sita usiku zinamtoa mbio asijue anakokwenda. Na kwa wanaosafiri mwezi wa 6 na wa 7, baridi ya Arusha unaijua, paka anaingia kwenye injini ya gari iliyotoka kuzimwa ajipatie joto, kwahiyo mtu agonge boneti kabla ya kuwasha.

"Anaenda mchangani kila saa lakini hakitoki kitu"

Hii ingekaa juu kabisa, nimeiweka ya pili kwa sababu ya kwanza ndo inapigiwa simu mara nyingi, ila ukisoma moja tu soma hii.

Paka dume anachuchumaa, anajikamua, anatoka, anarudi tena baada ya dakika tano, labda tone moja au tone lenye damu, analia sauti nzito, anajilamba sehemu zake bila kuacha. Kijana atakwambia paka amefunga choo, nimpe mafuta ya kula? Usikubali. Dume njia yake ya mkojo ni nyembamba sana, ikiziba kwa vichangachanga au utando, mkojo unarudi nyuma, sumu inajaa mwilini, na ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Hakuna kusubiri Jumatatu wala kusubiri sikukuu iishe. Tumbo la chini linakuwa gumu kama chungwa, na asilibonyeze, kibofu kinaweza kupasuka. Ni boksi, bodaboda au bajaji, daktari wa mifugo saa hiyohiyo.

Hapa ndo maandalizi yako yanapimwa. Namba ya daktari wa mifugo ameandikiwa wapi? Mie nimeibandika mlangoni kwa friji, namba mbili siyo moja, na nilishampigia huyo daktari kabla kumuuliza Krismasi yupo au naye amepandisha kwao, maana usicheke, mwaka mmoja nilimpigia yuko Machame. Hela je? Kijana wa chuo hana elfu hamsini ya dharura mfukoni na mtandao siku za sikukuu unaweza kukugomea, kwahiyo natuma kabla ya safari, na ya kutolea juu yake, tunaelewana kwamba isipotumika atanirudishia. Alafu namwambia daktari mbele yake kwamba huyu kijana akija na paka wangu mtibu, usimwambie mpaka mwenyewe apatikane. Huko Rombo kuna kona simu haishiki hata uipandishe juu ya mti.

Kuziba kunasababishwa na mambo mengi ila mawili unayaweza. Kutokunywa maji, hasa paka wa ndani anayekula chakula kikavu cha pakiti tu, na stresi ya mabadiliko. Maji aweke mabakuli mawili matatu sehemu tofauti, mbali na chakula na mbali na mchanga. Na kwa kuwa maji ya bomba huwa yanakatika siku usiyotarajia, acha ndoo imejaa yenye mfuniko.

"Hajagusa chakula"

Siku ya kwanza usipaniki. Muulize kwanza anampa nini na anakiweka wapi. Mwaka jana nilikuta kijana kwa usafi wake amehamisha bakuli akaliweka karibu na trei ya mchanga ili, kwa maneno yake, mambo ya paka yakae pamoja. Paka hali chooni jamani, hata wewe huli.

Kingine ni chakula kubadilishwa ghafla. Mangi anakula dagaa waliochemshwa bila chumvi, wameoshwa mchanga ukaisha, wanachanganywa na ugali laini kidogo, na mara mbili kwa wiki mapupu kutoka bucha. Mimi kwa haraka nikanunua pakiti ya chakula kikavu nikasema itamrahisishia kijana kazi. Akagoma. Kama unataka kubadilisha anza wiki nzima kabla, unachanganya kidogo kidogo, siyo siku ya safari. Na tukiwa hapahapa, ugali mtupu na mchuzi siyo chakula cha paka, anahitaji nyama au samaki kila siku, tumbo litajaa lakini mwili unadai.

Ukiwa mbali mwambie apashe dagaa moto kidogo harufu ipande, aweke, aondoke chumbani. Paka mwoga hali akiangaliwa. Ila siku ya pili ikiisha hajatia kitu mdomoni kabisa, ni daktari, hata kama anaonekana mzima. Paka, hasa mnene, akikaa njaa siku mbili tatu mafuta ya mwili yanakimbilia kwenye ini na ini linaanza kushindwa kazi. Watu wengi hawalijui hili, wanasema akisikia njaa atakula. Mbwa sawa. Paka anaweza kugoma mpaka akaumwa.

"Amejisaidia kwenye kochi"

Tofautisha kwanza. Kama amesimama, mkia juu unatetemeka, amerushia ukutani au kwenye pazia, huyo anaweka mpaka wake, na kama ni dume hajahasiwa ndo usishangae kabisa, kaona mtu mgeni na labda dume la jirani linapita dirishani. Kama amechuchumaa akaacha dimbwi kwenye kochi au kitanda, hapo mchanga ndo una kesi. Na kama ni matone matone kila mahali, rudi juu kwenye habari ya kuziba, usiendelee kusoma hapa.

Mchanga: unazolewa kila siku? Mie natumia mchanga wa ujenzi niliouchekecha, wengine wanatumia maranda kutoka kwa mafundi seremala, vyote sawa, ila usimbadilishie unapoondoka. Mwachie wa kutosha siku zote na ziada, kwenye kiroba, sehemu isiyonyeshewa. Kama una paka wawili weka trei tatu. Kijana wangu mwaka wa kwanza alisikia harufu, akaosha trei kwa ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia kwenye maji. Paka hakusogelea tena, na bora hakusogelea, zile dawa ni sumu kwake, anazikanyaga kisha analamba miguu. Sabuni ya kawaida na maji ya moto vinatosha. Kochi alifute kwa maji na siki, asimwagie Jik, ikikutana na mkojo inatoa hewa kali ya kuchoma kifua.

Na kama anayekuja ni dada mjamzito, kazi ya mchanga mtafutie mtu mwingine. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya tokso vinavyodhuru mtoto tumboni. Kama hakuna mwingine kabisa avae glovu na azoe kila siku bila kuruka, maana vile vimelea vinahitaji siku moja mpaka tano ndo viwe na uwezo wa kuambukiza.

"Anaharisha" au "anatapika"

Akitapika mara moja na kuna kifundo cha nywele mule, endelea na maisha. Akiharisha kidogo na bado anacheza, uliza kuhusu maziwa. Kila mtu anampa paka maziwa kwa upendo, na paka wengi wakubwa tumbo haliyawezi. Uliza pia luku, yaani umeme wa kulipia kabla, kama uliisha. Mimi niliacha samaki kwenye friza, yuniti zilikuwa 9, nikasema nitanunua njiani, nikasahau mpaka siku ya pili jioni. Kijana akakuta samaki wameyeyuka, akawagandisha upya umeme uliporudi, akampikia. Na alifanya hivo kwa nia njema, hela ya samaki aliiona inapotea. Siku hizi naweka yuniti za mwezi kabla sijatoka na samaki nawafunga vifuko vidogo, kila kimoja mlo mmoja.

Makombo: rosti ya Krismasi imejaa vitunguu, na vitunguu maji na saumu vinaharibu damu ya paka. Mwambie wazi, sahani za wageni zisimiminwe kwa paka. Maua nayo, kama umeletewa shada lina mayungiyungi (yale maua ya lily), litoe nje ya nyumba, mpe jirani, hata ule unga wa ua akilamba figo zinakufa.

Sasa sumu ya panya. Hii huku kwetu ndo hofu kubwa maana hata usipoweka wewe, jirani anaweka, na sikukuu watu wanatega stoo kabla ya kusafiri. Ile ya kuzuia damu isigande haionyeshi siku hiyohiyo, inaweza kuchukua siku tatu mpaka tano, alafu unaona amelegea, fizi zimekuwa nyeupe, damu puani au chooni. Zingine ni za haraka, mate yanamtoka, anatetemeka, anaanguka. Vyote viwili ni daktari, na kama kuna pakiti ya ile sumu ibebwe, daktari akijua aina anajua dawa. Watu watamwambia kijana mnyweshe maziwa yakate sumu. Hayakati, anapoteza muda na paka anaweza kupaliwa. Kabla hujasafiri pitia kwa majirani watatu wa karibu, uliza tu kwa ustaarabu, mama nanii mmeweka dawa ya panya wiki hii? Wanakwambia.

Na nakala kubwa ukutani: PAKA HAPEWI PANADOL. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Najua mtu akiona paka ana homa anajisikia kumhurumia. Dawa ya viroboto ya mbwa nayo asipakwe, nyingi zina permethrin na paka anapata degedege.

"Analia usiku kucha, anti mie naogopa"

Hapa mgonjwa siyo paka. Sauti ya paka usiku kwa watu wengi ina mambo yake, na kama paka wako ni mweusi ongea na mtu mapema, muulize kabisa unaogopa paka? Usimlazimishe binti wa watu kulala na kitu ambacho bibi yake alimwambia ni cha mchawi. Tafuta mwingine au panga aje mchana tu, asubuhi na jioni. Kilio chenyewe mara nyingi ni kukutafuta wewe, au jike liko kwenye joto, na hilo dawa yake ni kuhasi, siyo kumfungia stoo.

"Amenikwaruza"

Sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kwa saa, siyo kusuuza. Aende hospitali, hata kama ni kidogo, akiwa ameng'atwa ndo zaidi. Na wewe uwe na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ya paka, paka naye anachanjwa, hiyo kadi mwachie pamoja na funguo. Funguo ziwe mbili, moja kwa jirani, mlango wangu ulishajifunga kijana akiwa nje na ugali uko jikoni.

Umerudi

Mangi akiniona ananipa mgongo. Ananusa begi, anaenda kulala juu ya mapaja ya kijana mbele yangu. Siku mbili zinapita. Usimbebe kwa nguvu, mlishe saa zilezile. Angalia fizi zake kila siku kwa wiki moja kwa sababu ya ile sumu inayochelewa, inua mdomo kidogo, ziwe pinki.

Wenye majike mna kesi yenu. Rafiki yangu wa Moshi, Pasua, alisafiri siku 10, kurudi kakuta paka ana tumbo, akamnunia binti aliyemwachia wiki nzima, eti alimfungulia mlango. Nikamwambia lete vidole tuhesabu. Paka anabeba mimba siku 63 mpaka 65 hivi, tumbo kuonekana kwa macho ni wiki ya tano huko. Toa kumi ulizosafiri. Akahesabu mara mbili, akakaa kimya, akachukua simu akampigia binti.